Majengo: Gari likikataa kuwaka, batri ipimwe kwanza

Vita vilivyoingia Goma Januari 2025 viliwakumbusha wakaaji wa Majengo, komini ya Karisimbi, kwamba gari lisilowaka halimkimbizi mtu.

Gari la kisasa hula umeme hata likizimwa: kompyuta na alamu yake hazilali. Likikaa majuma mengi bila kutembea, batri ya volti 12 huisha.

Fundi asikimbilie kusema "nunua mpya". Apime kwanza. Batri iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6. Asafishe vichwa vyake, akaze waya. Gari likiwaka, volti zipande hadi 14 hivi. Zisipopanda, dinamo haichaji batri, na hata batri mpya itakufa.

Kumuuzia mhami batri bila kupima ni kumnyang'anya pesa ya unga.