Stoo Yako ya Bati ni Mali ya Upepo

Nimechoka! Nimechoka kusikia "ajali haina kinga" kila bati linapong'oka kwa fulani na kutua uani kwa jirani. Ajali gani hiyo? Kusi ni mgeni kwetu? Masika tunaiona leo? Jambo linalokuja kila mwaka, tena kwa msimu wake, tunaliitaje ajali?

Pita Chanika, pita Mbagala, fika mpaka Kibaha. Hadithi ni moja. Mtu anataka mahali pa kuweka majembe, toroli, mbolea na pampu ya maji. Anatafuta stoo ndogo ya bati, ya bei nafuu. Hana kosa. Maisha yamebana, na jembe ukiliacha nje usiku hulikuti asubuhi. Kununua cha bei nafuu si dhambi.

Dhambi ni hii: unalipia bati, unalipia mlango, unalipia kufuli kubwa la kumzuia mwizi, halafu hutoi hata shilingi ya kuishikisha stoo hiyo na ardhi. Mwizi umemfungia. Upepo je?

Hebu toka nje sasa hivi. Inama uitazame miguu ya stoo yako. Imekalia nini? Vipande vya tofali kila kona, kimoja kimeshapasuka, na udongo wa chini yake umechukuliwa na maji ya mvua. Hakuna kilichofungwa popote. Haya, inua macho. Juu ya paa kuna tairi bovu na mawe mawili. Hayo ndiyo unayoyategemea? Siku bati likinyanyuka, mawe hayo hayatabaki juu. Yatamshukia anayepita.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hututangazia kila mara: upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa. Tunasikia, tunabadilisha stesheni. Basi leo sikiliza hesabu yake. Upepo wa kasi hiyo ukivuka paa la mita mbili kwa mbili unaweza kulivuta juu kwa nguvu ya kubeba kilo 30 hivi. Bati zenyewe za paa hilo, za geji 30, hazifiki hata kilo 15. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Ukifika kilomita 80 kwa saa unazungumzia kilo 120. Na mlango ukiwa wazi, upepo huingia ndani ukasukuma paa kutoka chini, huku ule wa nje unalivuta kutoka juu. Tairi lako bovu lina kilo ngapi?

Wala usiniambie vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja. Aprili 1952 Lindi ikapigwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikatufikia pwani, upande wa Mafia. Na stoo yako haihitaji hata kimbunga. Ule upepo wa dakika kumi unaotangulia mvua ya jioni unaitosha.

Sasa fikiria kinachofuata, maana hapa ndipo tunapojifanya hatuoni. Bati lililong'oka ni panga linaloruka. Halichagui. Linaweza kukata waya wa umeme, linaweza kukata shingo ya mtoto anayekimbilia ndani. Dawa ya kunyunyizia mboga uliyoihifadhi mle inamwagika, mvua inaisomba hadi kisimani, na kuku ndio wa kwanza kufa. Mbolea inakuwa tope. Jirani uliyesalimiana naye asubuhi, jioni mnatazamana kwa mwenyekiti wa mtaa. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini kwenye janga hili hata asiyechuma anakula!

Na nyinyi wauzaji, nanyi mafundi, msijifiche nyuma ya mteja. Mnajua kabisa kwamba namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Mnampa mtu geji 32 akidhani kapata kubwa kuliko 28, mnanyamaza. Mnapiga msumari wa mbao na kuupinda kichwa, badala ya msumari wa bati wenye washa ya mpira. Mnaugonga kwenye bonde la bati, pale maji yanapopita, badala ya mgongoni. Mvua mbili tatu kutu imeshaingia, tundu limepanuka, bati linacheza. Mnaweka stoo juu ya tofali, mnapokea hela, mnaondoka. Hiyo ni kazi?

Dawa yake si siri wala si ghali. Chimba shimo kila kona: upana futi moja kwa futi moja, kina futi mbili. Simamisha humo chuma cha engo au nondo iliyokunjwa ncha, kisha mimina zege. Mfuko mmoja wa saruji, kwa mchanganyiko wa moja kwa tatu kwa sita, unatosha mashimo yote manne. Kila shimo linakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 120. Kona nne, karibu nusu tani! Mwagilia zege lako wiki nzima lishike, halafu funga miguu ya stoo kwenye vyuma hivyo kwa bolti, au mwite fundi achomelee. Kama nguzo zako ni za miti, zisiingie ardhini bila dawa, mchwa hawatakuonea huruma.

Usiishie miguuni. Ukifunga chini ukaacha juu, paa litaondoka peke yake na kukuachia kuta. Papi zifungwe kwenye fremu kwa ukanda wa chuma au waya mnene, kila kona na katikati.

Mvuvi hata awe na ngalawa ya bei rahisi namna gani, halali bila kutia nanga. Wewe unalalaje?

Kama bado hujanunua, nakuomba: bei ya stoo ihesabu na mfuko wa saruji ndani yake. Hela haitoshi? Punguza ukubwa wa stoo, usipunguze mashimo. Fundi akikuambia "hii nzito bosi, haiendi popote", mzuilie malipo mpaka uone mashimo manne kwa macho yako. Na kama stoo imeshasimama juu ya tofali, mashimo yanaweza kuchimbwa pembeni ya miguu yake ilipo, bila kuibomoa. Jumamosi moja tu! Anza kwa kuyashusha yale mawe, leo, kabla watoto hawajarudi kutoka shule.