Wazee Wakati wa Gharika

Mto Rufiji ulipofurika Aprili 2024, ukazamisha nyumba na mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti, Tanzania, dhiki iliyowafika wote haikuwa sawa kwa wote, kwani kijana huwahi mtumbwi kwa miguu yake, ilhali ajuza asiyeona vyema, ambaye dawa zake za shinikizo la damu zimechukuliwa na maji, hana budi kumngoja wa kumbeba, wala maji yakishapungua hana nguvu za kusimamisha upya kibanda chake. Foleni ya unga wa msaada nayo haimstahi mwenye mkongojo. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Hiyo, alhamdulillahi, haikusombwa. Basi kila serikali ya kijiji na iandike, kabla ya masika, majina ya wazee wake, dawa wazitumiazo, na jirani aliyekabidhiwa kila mmoja wao.