Mashauri ya Kazi: Upimwe Mzigo Kabla ya Kuinuliwa

Mavuno ya mahindi ya Uasin Gishu huanza mnamo mwezi wa Oktoba, na tangu hapo malori ya magunia huelekea Eldoret kila siku. Mkulima huhesabu mavuno yake na karani huhesabu magunia, lakini ni wachache wanaoihesabu kazi ya mchukuzi. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Juma hili twataka kuupima mzigo huo kwa hesabu, si kwa macho.

Gunia la mahindi katika Kenya ni kilo 90, kipimo kilichotokana na ratili 200 za zamani. Ikiwa lori limepakiwa magunia 100 na wachukuzi ni wanne, basi kila mmoja atashusha magunia 25, yaani kilo 2,250, kabla ya lori la pili kufika. Mapendekezo ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1967 yasema kwamba mzigo wa mwanamume mzima ukipita kilo 55, zichukuliwe hatua upesi za kuupunguza. Gunia letu lakipita kipimo hicho kwa kilo 35.

Hata hivyo, uzito pekee si hatari yote. Msimamizi wa kazi yampasa kujiuliza mambo manne. Kwanza, mzigo: je, washikika vizuri, au gunia limelegea na kuyumba? Pili, njia: je, sakafu ina punje zilizomwagika, na ubao wa kupandia lorini ni imara? Tatu, kazi yenyewe: mwendo ni mrefu kiasi gani, na kwa haraka gani? Alipwaye kwa kila gunia hukimbilia hesabu na kusahau kupumzika. Nne, mtu: je, ni kijana asiyekomaa, mwanamke mjamzito, au mtu aliyeumia kiuno zamani?

Yafaa pia kukumbuka mizani ya mkono. Jiwe dogo lililosogezwa mwisho wa mkono hulingana na mzigo mkubwa ulio karibu. Kadhalika, mzigo ulioshikwa mbali na kifua huilazimisha misuli ya kiuno kuvuta kwa nguvu iliyo mara nyingi ya uzito wake. Kwa hiyo mzigo ushikwe karibu na mwili, magoti yakunjwe, na mtu akitaka kugeuka ageuze miguu, asijipinde kiuno.

Walakini ustadi wa kuinua hauligeuzi gunia la kilo 90 kuwa jepesi. Dawa iliyo bora ni kuupunguza mzigo au kuutilia magurudumu. Mkebe wa maziwa wa lita 50 ukijaa hupita kilo 50. Basi uchukuliwe na watu wawili, au kwa toroli. Kwa viazi, kanuni za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa mwisho wa gunia. Mkulima wa mahindi naye aweza kujaza kiasi hicho. Huenda akajibu kwamba magunia yataongezeka, na ujira wa wachukuzi pia. Ni kweli kwamba atanunua magunia zaidi. Lakini ujira waweza kupatanwa kwa tani, na hapo hakuna atakayepunjwa.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri azichunguze hatari za kazi yake, tena yamkataza kumchukuza mtu mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumdhuru. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yahusu malipo ya aliyeumia kazini. Kwa hiyo ajali iarifiwe kwa mwajiri mara moja, na karani aiandike pamoja na saa na mahali.

Wako wasemao kuwa ajali haina kinga. Lakini kufagia sakafu ni kinga, na kufunga ubao imara ni kinga. Wachukuzi wengi wana mashamba yao wenyewe nyumbani. Mgongo ukivunjika mwezi wa Novemba ghalani, mwezi wa Machi mvua itakuta shamba halijalimwa, na watoto watakosa chakula kwa ajili ya gunia lisilokuwa lao.