Hogo Peke Yake Haliungi Mfupa



Mtu akivunjika mguu mtaani kwetu, hatumwachi peke yake. Mmoja atabisha hodi na katoni ya juisi, mwingine na soda, na jikoni supu ya kongoro itakuwa inatokota. Huo ni utu wetu, na usipotee. Nawaomba tuuongezee maarifa, hasa mgonjwa anapokuwa na unene uliopitiliza, kwa kuwa mfupa wake una kazi ngumu kuliko tunavyodhani.

Wengi huamini mtu mnene ana mifupa imara. Ni kweli kwamba mifupa iliyozoea uzito mkubwa, ikipimwa, mara nyingi huonekana ina madini mengi. Lakini mfupa ni kama zege la nondo. Kalsiamu na fosfeti huupa ugumu, na nyuzi za kolajeni, ambayo ni asilimia 90 hivi ya protini ya mfupa, huuwezesha kupokea kishindo bila kupasuka. Nondo zikiharibika, wingi wa saruji hautoshi.

Unene uliopitiliza huongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili. Sukari ikikaa juu kwenye damu miaka mingi, hujishikiza kwenye kolajeni na kuzibana nyuzi zake ovyo, mpaka zikapoteza unyumbufu. Ndiyo maana mtu aliyeambiwa mifupa yake ina madini ya kutosha anaweza kujikwaa tu akavunjika kifundo cha mguu.

Mfupa ukishavunjika, damu huganda mahali pale na uvimbe huanza. Kisha mwili hujenga gegedu na kolajeni kati ya vipande, na mwishowe madini huingia, mfupa ukakomaa. Mafuta yakizidi mwilini, uvimbe wa chinichini usiokwisha huivuruga kazi hiyo. Chembe za uboho ambazo zingejenga mfupa huelekea kugeuka chembe za mafuta. Vitamini D nayo mara nyingi huwa pungufu, na mgonjwa akipasuliwa, kidonda huwa rahisi zaidi kupata maambukizi.

Kwa hiyo, wanafamilia, ombeni mgonjwa apimwe sukari, hata kama hajawahi kuambiwa ana kisukari. Mnaokwenda kumjulia hali, badala ya soda pelekeni mayai, dagaa, maharage, maziwa au matunda. Supu ya kongoro anywe, ila engueni mafuta yanayoelea juu. Na tusidhani inakwenda moja kwa moja kwenye mvunjiko: kolajeni yake humeng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote.

Wala tusimnyime chakula ili akonde akiwa bado na hogo. Mfupa unaounga unahitaji protini na nguvu, na kukonda kwa haraka hupunguza mfupa wenyewe. Uzito upungue taratibu, kwa ushauri wa daktari. Kama anavuta sigara, tumsaidie kuacha, kwani nayo huchelewesha mfupa kuunga. Akiruhusiwa kukanyaga, tumsindikize kwenye mazoezi ya viungo, asiogope magongo wala macho ya watu.

Kwenu madaktari na wauguzi wetu, mwelezeni kwa upole. Anayeitwa bonge mbele ya foleni hujificha nyumbani, na kliniki atairudia tatizo likiwa limekomaa. Unene una mizizi mingi: kurithi, dawa, kazi za kukaa kutwa, vyakula vya kukaanga vilivyo karibu na rahisi. Aibu haijawahi kuunga mfupa wa mtu.

Nanyi viongozi wa mitaa, tuachieni njia salama za kutembea. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, lakini nani atatembea penye mitaro wazi na pikipiki juu ya njia ya waenda kwa miguu?

Kama kwenu kuna aliyefungwa hogo, muulize leo: sukari yako ilipimwa lini, na kesho utakula nini chenye protini? Kisha msaidie kupata vyote viwili.