Si Kila Kikohozi ni Kifua Kikuu
Mgonjwa amemaliza miezi 6 ya dawa za kifua kikuu. Makohozi hayana bakteria, lakini angali anakonda na kutema damu. Hapa Arusha, kama kwingineko, aweza kurudishiwa dawa zile zile. Naona ni kosa kufanya hivyo kabla ya kupima kuvu.

Matundu yaliyoachwa mapafuni na kifua kikuu huwa makao ya Aspergilasi, kuvu ambayo vijimbegu vyake twavivuta sote tupepetapo mahindi yenye ukungu miteremkoni mwa Mlima Meru. Mwenye mapafu mazima kwa kawaida hadhuriki. Eksirei na kipimo cha kingamwili katika damu huifichua. Tiba yake ni itrakonazoli, miezi 6 au zaidi. Nayo rifampisini ya kifua kikuu huipunguza mno itrakonazoli mwilini.