Ikolojia Imo Vinywani mwa Wakata Boriti

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kufundishia ikolojia vyuoni. Dai hilo lafaa lipelekwe Gazi, katika Kaunti ya Kwale. Pale ambapo Kiingereza cha darasani aghalabu huridhika na jina moja la jumla, Mswahili wa pwani hutaja mlilana, mkoko, muia, mkandaa, mchu na mkomafi, na kila mti una mahali pake. Mlilana husimama upande wa baharini. Mkoko hufuata, umejishikilia topeni kwa mizizi iliyojipinda juu ya maji. Mkandaa hukaa nyuma zaidi, ambako bamvua hufika lakini maji mafu hayafiki. Mchu nao ni mkaidi: huota mbele na nyuma pia, kwani hustahimili chumvi nyingi na kuitoa kupitia majani.

Hili ni nini kama si somo la mtawanyiko wa viumbe kulingana na maji na chumvi? Kosa si la lugha, bali la wasomi wanaounda istilahi ofisini kabla ya kumwuliza mvuvi. (Neno “ikolojia” lenyewe na litoholewe, halina ubaya.) Tangu mwaka 2013 wenyeji wa Gazi, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, hutunza hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni. Mche ukipandwa pasipo pake, hufa. Idara za Kiswahili na za botania zingewatuma wanafunzi wao huko pamoja, wakati wa bamvua, kabla ya kuitisha kamati nyingine ya istilahi.