Umeme wa nyumbani: uliza bei yote



Pamba imeuzwa. Wengine wameuza mpunga, wengine dengu. Fedha iko mkononi, na wauzaji wa sola wanajua hivyo. Kila siku ya mnada wamesimama pale, taa zao zinawaka mchana na televisheni inaimba. Wanasema, "Shilingi elfu moja tu kwa siku, nawe unapata umeme!"

Sisemi kwamba watu hawa ni wezi. Taa ya sola ni kitu kizuri. Moshi wa koroboi unaumiza macho na kifua. Koroboi ikianguka katika nyumba ya nyasi, nyumba inaungua. Lakini biashara ya sola ni biashara huria. Bei ya umeme wa TANESCO huidhinishwa na EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Bei ya sola hupangwa na muuzaji mwenyewe. Huyu ana bei yake, na yule ana yake. Wewe ndiye unayechagua.

Sasa chukua kalamu na daftari. Tupige hesabu ya hiyo "elfu moja tu".

Tuseme kianzio ni shilingi 60,000. Halafu unalipa shilingi 1,000 kila siku kwa miaka miwili. Miaka miwili ni siku 730. Kwa hiyo utalipa shilingi 730,000. Ongeza kianzio. Jumla ni shilingi 790,000. Sasa muulize muuzaji, "Nikilipa fedha taslimu leo, ni kiasi gani?" Tuseme anajibu shilingi 480,000. Toa 480,000 katika 790,000. Zinabaki 310,000. Hiyo ni riba, hata kama yeye hakuiita riba. Hizi ni bei za mfano tu. Weka bei alizokutajia muuzaji wako, kisha ugawanye ile riba kwa bei ya kilo moja ya pamba uliyouza mwaka huu. Utajua ni kilo ngapi za pamba zinazokwenda kwa riba peke yake.

Kuna jambo la pili, nalo mimi kama bwana shamba naliona kubwa kuliko la kwanza. Mkulima hapati fedha kila siku. Anapata wakati wa mavuno. Mkopo wa sola unadai kila siku, au kila wiki. Mwezi wa nane kulipa ni rahisi. Je, mwezi wa kwanza na wa pili, wakati wa palizi, chakula ghalani kimepungua na mtoto anataka sare ya shule? Vifaa vingi vya mkopo vina kufuli ndani. Usipolipa, taa hazizimwi na mtu. Zinajizima. Nyumba inarudi gizani, na deni linabaki. Tena miezi hiyo ya mvua ndiyo yenye mawingu, na paneli hukusanya kidogo. Fedha hakuna, na jua nalo hakuna!

Kwa hiyo muulize muuzaji kama unaweza kulipa kwa wingi wakati wa mavuno na kupumzika wakati wa palizi. Uliza pia kama anayemaliza mapema anapunguziwa bei. Wengine hukubali. Wengine watakuambia habari ndefu ambayo maana yake ni hapana.

Kabla ya kulinganisha bei, jua kwanza unahitaji umeme kiasi gani. Nguvu ya kifaa hupimwa kwa wati. Zidisha wati kwa saa unazokitumia. Taa nne za LED za wati 5 kila moja ni wati 20. Zikiwaka saa 5, ni 100. Redio ya wati 10 kwa saa 6 ni 60. Kuchaji simu mbili ni kama 20. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa 4 ni 120. Jumla kwa siku ni 300. Paneli ya wati 50, siku ya jua kali, hupata kama saa 5 za jua zuri. Hamsini mara 5 ni 250, na nyingine hupotea njiani. Basi paneli hiyo inatosha taa, redio na simu. Ukiongeza televisheni haitoshi, hata muuzaji akiapa. Na pasi? Pasi moja ni kama wati 1,000. Usiifikirie kwa sola ya namna hii.

Sasa tuangalie umeme wa TANESCO. Serikali imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme. Lakini kijiji kufikiwa si kila nyumba kufikiwa. Vitongoji vingi bado vinangoja. Toka nje uangalie. Je, nguzo iko karibu nawe? Kama iko ndani ya meta 30 kutoka nyumbani, usisaini mkopo wowote kabla ya kusoma sehemu hii.

Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Kutandaza nyaya ndani ya nyumba ni gharama nyingine, na hapa ndipo wengi hukwama. Nyumba ndogo inaweza kutumia kifaa cha UMETA, maana yake Umeme Tayari, ambacho kina swichi na soketi tayari. Ukimwita fundi, awe na leseni ya EWURA. Mwambie akuonyeshe.

Uniti moja ni zile wati mara saa, zikifika 1,000. Nyumba yetu ya mfano hutumia 300 kwa siku. Kwa siku 30 ni 9,000, yaani uniti 9. Mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti. Pamoja na kodi na tozo inakuwa 122. Zidisha 122 kwa 9. Unapata shilingi 1,098. Hiyo ni ya mwezi mzima! Yule wa sola anadai karibu kiasi hicho kwa siku moja. Lakini angalia: ukizidi uniti 75, kila uniti iliyozidi ni shilingi 350 kabla ya kodi. Ukizoea kuzidisha, unahamishwa kwenye daraja la bei kubwa.

Ni kweli umeme wa TANESCO hukatika. Weka taa moja ndogo ya sola ya akiba. Lakini kwa mwenye nguzo mlangoni, sioni sababu ya kubeba deni la miaka miwili.

Na wewe uliye mbali na nguzo? Anza na kidogo. Nunua kwa fedha taslimu taa moja ya sola yenye kuchaji simu. Mwaka ujao uongeze. Kama una kikundi cha kuweka na kukopa, linganisha riba ya kikundi na riba ya muuzaji. Mara nyingi ya kikundi ni nafuu, na wenzako wanajua kwamba pamba haiuzwi mwezi wa pili. Jambo hili lizungumzwe na baba na mama pamoja, kwa kuwa jembe la pamba wamelishika wote wawili.

Kama umeamua kukopa, usitie dole gumba. Wewe sasa unajua kusoma. Kaa chini usome mkataba wote. Kama ni wa Kiingereza, dai wa Kiswahili. Tafuta bei yote na muda wa kulipa. Tafuta pia panaposema waranti ni ya muda gani, na kama betri imo, maana betri ndiyo huchoka kwanza. Angalia wanasema nini juu ya mtu aliyeshindwa kulipa. Je, wakichukua kifaa, ulichokwisha lipa kinapotea chote? Uliza fundi wao anakaa mji gani. Angalia alama ya TBS. Waambie wawashe taa zote pamoja, uone.

Kila ukilipa, usifute ujumbe wa simu. Andika pia katika daftari tarehe na kiasi. Ukimaliza, dai wafungue kufuli kabisa na wakupe barua kwamba huna deni. Wakikataa, daftari hilo na mkataba ndivyo utakavyopeleka kwa mtendaji wa kijiji, au Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mnunuzi.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kung'oa na kuchoma masalia ya pamba.